Paka Mgeni Asipewe Jembe Siku ya Tatu

Ndugu msomaji, wahenga walisema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii inafaa sana kwa watu. Lakini leo tunataka kuzungumza nawe juu ya mgeni mmoja ambaye haimfai. Mgeni huyo ni paka.

Paka aliyeletwa katika nyumba mpya hapewi jembe siku ya tatu. Hapewi hata siku ya kumi. Ukimharakisha atakimbia, nawe utabaki na panya wako. Jambo hili hatukulisoma vitabuni tu. Tulilijifunza kwa kupata hasara, na ndiyo maana tunaliandika, ili wewe usiipate hasara hiyo hiyo.

HASARA ILIYOTUPATA

Kituo chetu cha kisomo kipo mkoani Morogoro. Wanakisomo wetu wana kikundi cha kilimo. Msimu mmoja kikundi kilivuna magunia 14 ya mahindi. Tulikubaliana tusiuze wakati wa mavuno, maana wakati huo kila mtu anauza na bei inakuwa chini mno. Tukasema tungoje hadi mwanzoni mwa mwaka, mahindi yatakapoadimika. Tukayaweka magunia katika chumba cha nyuma cha kituo. Ni chumba kile kile tunachotunzia vitabu na daftari za darasa.

Haukupita mwezi panya wakahamia. Kwanza tuliona vinyesi sakafuni. Kisha gunia la chini likatobolewa. Mwisho wakaingia kabatini, wakatafuna daftari la mahudhurio, majina ya watu sita yakapotea. Mama mmoja, ambaye jina lake lilikuwa miongoni mwa hayo sita, alisema: "Mimi nimehangaika miaka miwili kujua kuliandika jina langu. Panya kalimaliza kwa usiku mmoja!" Tulicheka wote, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha.

Siku hiyo tuliacha somo, tukapiga hesabu ubaoni. Wewe nawe chukua kalamu.

Panya mkubwa wa nyumbani hula kiasi cha gramu 15 za nafaka kwa siku. Unaweza kusema ni kidogo. Sasa zidisha 15 kwa siku 365 za mwaka. Unapata gramu 5,475, yaani kilo tano na nusu hivi. Huyo ni panya mmoja. Wakiwa panya 20, wanakula karibu kilo 110. Gunia zima la kilo 100 limekwenda, na juu yake kilo kumi! Hapo bado hatujahesabu mahindi yanayochafuliwa kwa mkojo na vinyesi, ambayo hayafai kuliwa wala kuuzwa. Tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba. Kumbe haba na haba humaliza kibaba vile vile.

Na panya hawabaki 20. Panya shamba, ambaye ndiye adui mkubwa wa mahindi katika nchi yetu, hubeba mimba wiki tatu tu na siku chache. Huweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja.

Basi tukaamua kutafuta paka.

TULIVYOMPOTEZA PAKA WA KWANZA

Mwenzetu mmoja alimpata paka jike kwa ndugu yake, kijiji cha ng'ambo ya bonde. Alikuwa paka mkubwa, mwindaji hodari. Tukamtia kwenye gunia, gunia tukalifunga nyuma ya baiskeli, tukaja naye mchana kweupe, jua kali, njia ina mashimo. Tulipofika, tukafungua mlango wa ghala, tukalikung'uta gunia, paka akaanguka sakafuni. Tukafunga mlango. Chakula hatukumpa. Tulisema njaa ndiyo itakayomfanya awinde. Maji nayo hatukumwekea.

Asubuhi tulipofungua mlango alitoka mbio kati ya miguu yetu. Hatukumwona tena. Siku ya nne tukapata habari kwamba amerudi kwao, ng'ambo ya bonde, akiwa amekonda na mguu mmoja una jeraha.

Tulikaa tukamlaumu paka. Huyu alisema paka hana shukrani. Yule alisema tungempaka mafuta miguuni asingekumbuka njia. Ndipo mama yule yule wa daftari akasema: "Tunamlaumu bure jamani. Ningekuwa mimi ndiye nimetiwa guniani, nikamwagwa gizani katika nyumba nisiyoijua, bila maji wala chakula, hata mimi ningerudi kwetu."

Maneno hayo yalitunyamazisha. Tukaanza kuuliza na kusoma. Tuliyoyapata ni haya.

KWA NINI PAKA HURUDI ALIKOTOKA

Paka wa nyumbani ni wa ukoo wa kimburu, yule paka wa porini tunayemfahamu. Utaalamu wa leo unaonyesha kwamba mababu wa paka wote wa nyumbani walikuwa vimburu wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kipro wamekuta kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka miaka kama 9,500 iliyopita. Wakati huo watu wa sehemu zile walikuwa wameanza kulima na kuweka nafaka. Nafaka ikaleta panya. Panya wakamleta kimburu. Hakuna aliyemkamata kwa kamba. Alikuja mwenyewe, akaona kuna faida, akakaa.

Hivyo paka hakai kwa kulazimishwa. Mbwa asili yake ni kuishi katika kundi na kumfuata mkubwa wa kundi. Ukihama naye anahama. Lakini kimburu huishi peke yake, na ana eneo lake analolijua. Paka naye ni vivyo hivyo. Kwake yeye kwanza ni mahali, kisha ndipo watu.

Mahali hapo anapajuaje? Kwa pua. Umewahi kumwona paka akisugua shavu lake kwenye mguu wa kiti, au kwenye mwimo wa mlango, au kwenye miguu yako? Mashavuni mwake mna tezi zinazotoa harufu. Sisi hatuisikii, yeye anaisikia. Kila anaposugua anaacha alama, ni kama mtu anayeandika jina lake kwenye daftari. Nyumba yenye alama zake ni nyumba yake. Nyumba isiyo na alama zake ni ugenini, na ugenini kuna hatari.

Kwa hiyo mafuta ya miguuni hayamsahaulishi paka njia. Wala kumzungusha ndani ya gunia hakumpotezi. Kinachomfanya akae ni kuijua nyumba mpya hadi aione ni yake. Na kazi hiyo inataka siku.

Kumbuka siku uliyoanza kisomo. Hukupewa gazeti siku ya kwanza. Ulianza na irabu: a, e, i, o, u. Kisha silabi. Kisha maneno. Paka naye huisoma nyumba kwa hatua. Mpe chumba kimoja kwanza, kisha nyumba, kisha uwanja.

KUCHAGUA PAKA

Usichukue mtoto wa paka kabla hajafikisha wiki nane tangu kuzaliwa. Akifikisha wiki 12 ni bora zaidi. Akiwa mdogo mno atakosa maziwa ya mama na mafunzo ya mama. Mama ndiye anayemfundisha kuwinda, kwa kumletea panya aliye hai ajaribu mwenyewe. Kwa hiyo uliza: je, mama yake anakamata panya?

Uliza pia kama watoto wa pale wamezoea kushikwa na watu. Mtoto wa paka ambaye hakuguswa na mtu katika wiki zake saba za mwanzo huwa mwoga kwa muda mrefu.

Mtazame. Macho yawe safi, pua isitoe makamasi, mkundu usiwe na uharo. Tumbo likiwa limevimba kama ngoma huku mbavu zinaonekana, huenda ana minyoo. Mwulize bwana mifugo akupe dawa na kipimo chake.

Na rangi je? Paka wetu wa pili alikuwa mweusi tii. Mzee mmoja wa kikundi alikataa, akasema paka mweusi ni wa wachawi. Hatukubishana naye kwa jeuri, kwa kuwa ni mzee wetu. Tulimchukua hadi kwenye nyumba alikozaliwa paka yule, akaona mama mmoja amezaa watoto wanne: mweusi, wawili wenye mabaka, na mmoja wa rangi ya majivu. Tukamwuliza: "Mzee, tumbo ni moja. Wachawi walimchaguaje huyu mmoja?" Akatabasamu. Mwenye nyumba akamalizia: "Baba, panya hawaulizi rangi." Mambo yakaishia hapo.

SAFARI

Usimtie guniani. Gunia halina hewa ya kutosha na linamtia hofu. Tumia tenga la kubebea kuku au kapu lenye mfuniko. Ndani weka kitambaa alichokuwa akilalia kwao, kina harufu anayoijua. Juu funika kanga ili asione mambo mengi njiani, lakini hewa ipite. Safiri asubuhi au jioni.

Omba kwa mwenyewe vitu viwili: kitambaa hicho, na habari ya chakula alichozoea. Kama alizoea ugali na dagaa, wiki ya kwanza mpe ugali na dagaa. Nyumba imebadilika, chakula kisibadilike siku hiyo hiyo.

SIKU YA KWANZA HADI YA TATU: CHUMBA KIMOJA

Tayarisha chumba kabla hajafika. Kama nyumba ni ndogo, hata jiko linalofungwa au kona ya stoo inatosha. Ziba matundu makubwa ya ukutani na ya chini ya paa. Weka vitu hivi:

1. Bakuli la maji safi. Badilisha kila siku.

2. Bakuli la chakula, mbali kidogo na maji.

3. Karai au debe lililokatwa ubavu, lenye mchanga au majivu yaliyopoa, kwa ajili ya haja. Liwe mbali na chakula. Paka ni msafi, hapendi kula karibu na choo. Nani anapenda?

4. Mahali pa kujificha. Sanduku tupu lililolazwa ubavu linafaa.

Weka tenga chini, lifungue, ukae mbali. Usimvute. Atatoka akipenda. Pengine atakimbilia chini ya kitanda na kukaa huko siku nzima bila kula. Usiogope na usimfuate kwa ufagio. Anasikiliza na kunusa. Usiku watu wakilala atatoka kuzunguka. Lakini akipitisha siku mbili hajagusa chakula kabisa, mwite bwana mifugo.

Watoto waambiwe mapema. Ni vigumu, tunajua! Mtoto akimwona paka anataka kumkumbatia. Waeleze kwamba paka mgeni akikabwa ataparua. Wakae sakafuni kimya, wangoje aje mwenyewe. Akisogea, wampe kidole anuse kwanza.

Tangu siku ya kwanza, kila unapompa chakula gonga bakuli mara tatu kwa kijiko, au mwite kwa sauti moja ile ile. Usibadilishe. Sauti hiyo utaihitaji baadaye.

WIKI YA KWANZA NA YA PILI: NYUMBA

Utajuaje kwamba yuko tayari kwa hatua inayofuata? Atakula mbele yako. Ataanza kujiramba manyoya. Atasugua mashavu kwenye vitu. Mkia utasimama wima anapokujia. Hapo fungua mlango wa chumba, azunguke nyumba nzima, huku milango ya nje imefungwa. Chumba chake cha kwanza kibaki wazi, ili akishtuka akimbilie huko.

Kama una mbwa, wasikutanishwe ghafla. Chukua kitambaa alicholalia paka, mpe mbwa anuse. Kitambaa cha mbwa mpe paka. Fanya hivyo siku kadhaa. Kisha waonane mbwa akiwa amefungwa kamba na paka akiwa na pa kupanda juu. Vifaranga nao wafunikwe kwa tenga. Kwa paka ambaye hajafundishwa, kifaranga ni windo kama windo jingine.

CHAKULA: NJAA HAIMFUNDISHI PAKA KUWINDA

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunasema: "Paka akishiba hataki panya." Si kweli. Paka huwinda kwa asili yake, awe na njaa au ameshiba. Mwenye njaa ndiye anayeondoka kwenda kutafuta chakula kwa majirani, akaiba samaki jikoni mwa watu, akapigwa au akalishwa sumu. Aliyekula nyumbani huzunguka hapo hapo nyumbani, na panya wa hapo ndio anaowaona.

Mpe chakula kidogo mara mbili kwa siku. Mtoto mpe mara tatu au nne. Ugali mtupu haumtoshi. Mwili wa paka hauwezi kukaa na afya bila nyama au samaki. Changanya ugali na dagaa waliochemshwa bila chumvi nyingi, vichwa vya samaki, utumbo uliopikwa, au makombo ya nyama. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, humkwama kooni au hutoboa tumbo. Vitunguu pia vina madhara kwake.

Na maziwa ya ng'ombe? Paka anayapenda, lakini paka wengi wakubwa wakiyanywa huharisha. Kinywaji chake ni maji.

WIKI YA TATU: UWANJA

Paka mkubwa akae ndani si chini ya wiki mbili. Wiki tatu ni bora, nne si mbaya. Hasa kama alikotoka ni karibu, usiharakishe.

Siku ya kumtoa, chagua jioni kabla ya chakula chake. Usimpe chakula cha mchana siku hiyo. Fungua mlango, uache wazi, utoke mwenyewe kwanza ukae kizingitini. Usimbebe ukamweka nje. Atoke kwa miguu yake, anuse, arudi, atoke tena. Baada ya nusu saa gonga bakuli kwa kijiko. Atakuja. Mpe chakula, funga mlango. Kesho ongeza muda kidogo. Baada ya wiki atatoka na kurudi mwenyewe.

Akitoroka je? Mwendee mwenyeji wake wa kwanza, mwombe asimlishe, akupigie simu tu. Mrudishe kwa upole, uanze tena na chumba kimoja. Usimpige. Paka anayepigwa akirudi nyumbani hujifunza neno moja tu: nyumbani kuna fimbo.

MAMBO YANAYOMWUA PAKA NYUMBANI KWETU

Kwanza ni sumu ya panya. Sumu nyingine hazimwui panya papo hapo. Panya aliyekula huishi siku kadhaa, anayumba, ni rahisi kukamatwa. Paka akimla panya huyo, sumu inaingia mwilini mwake. Kwa hiyo paka na sumu havikai nyumba moja. Havikai hata nyumba za jirani, kwa kuwa paka hajui mpaka wa kiwanja.

Pili ni dawa za mifugo. Usimwoshe paka kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe eti kwa sababu ana viroboto. Dawa nyingi za namna hiyo ni sumu kali kwa paka, naye hujiramba mwili mzima. Vile vile usimpe vidonge vya maumivu vya watu. Panadol moja inaweza kumwua.

Tatu ni kichaa cha mbwa. Jina ni la mbwa, lakini paka anakipata pia na anaweza kumwambukiza mtu. Paka akifikisha miezi mitatu apelekwe kuchanjwa, na chanjo irudiwe kama bwana mifugo atakavyosema. Mtu akiumwa au kuparuliwa na paka asiyejulikana, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje dalili. Dalili zikianza, dawa ya kumponya hakuna.

AFYA YA WATU

Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito asiondoe mchanga wa paka. Kazi hiyo ifanywe na mwingine, kila siku, na kinyesi kifukiwe. Wote tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kazi za bustani. Mama mjamzito hana haja ya kumfukuza paka. Aepuke kinyesi chake tu.

Neno jingine ni kwa wasomaji wa sehemu zilizowahi kuwa na tauni, kama wilaya ya Lushoto ambako ugonjwa huo ulizuka mwaka 1980. Mkiona panya wanakufa wenyewe ovyo, msiwaguse. Toeni habari kituo cha afya upesi. Paka akimla panya mwenye tauni anaweza kuugua na kuwaambukiza watu. Paka akiugua ghafla wakati kama huo, msimshike kwa mikono mitupu.

Na uzazi je? Paka jike anaweza kushika mimba akiwa bado hajatimiza miezi sita. Mimba huchukua miezi miwili na siku chache. Asiyetaka watoto wa paka kila mara amwone daktari wa mifugo, amfunge uzazi jike au amhasi dume. Kuwatupa watoto wa paka porini ni ukatili, na wanaopona huwa paka shume wanaosumbua kijiji.

MWISHO WA MAHINDI YETU

Paka wetu mweusi tulimleta kwa tenga, akiwa na miezi mitano. Siku mbili alikaa chini ya kabati la vitabu. Siku ya tatu alitoka tukiwa darasani, akapita chini ya madawati, akaenda kukaa miguuni kwa mama wa daftari. Mama akaendelea kuandika kama vile hajamwona. Tulimweka ndani siku 22. Tulipanga zamu ya chakula na mchanga, kila mwanakisomo siku yake, majina ukutani. Usiku wa 13 alikamata panya wake wa kwanza. Alikuwa panya mdogo, lakini tulimshangilia.

Hatukumwachia paka kazi yote. Paka peke yake hamalizi panya, hasa panya wakubwa na wakiwa wengi. Magunia tuliyainua juu ya chaga na kuyatenga na ukuta. Mapengo ya mlango tuliziba kwa bati. Nyasi za nyuma ya kituo tulizifyeka. Mwenye kihenge cha nje akiinue kwa nguzo za urefu wa mita moja hivi, na kila nguzo aivishe kofia ya bati ili panya wasipande.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa sumu. Jirani yetu mmoja alikuwa ameinunua kwa fedha zake, na panya walikuwa wanamla kuku na mahindi. Hatungeweza kumwambia tu "acha." Tulikwenda kwake jioni, tukakaa, tukampigia ile hesabu ya gunia. Tukamwahidi kwamba wanakikundi watasaidia kuziba nyumba yake kama tulivyoziba kituo, na paka wetu akizaa mtoto wa kwanza ni wake. Alifikiri, kisha akaingia ndani, akatoka na pakiti. "Hii hapa. Lakini mtoto wa paka asichelewe," akasema.

Mwezi wa Januari tulipima mahindi. Yalikuwa magunia 13 kasoro madebe mawili. Hasara yote karibu ilikuwa ya wiki zile za kwanza, tulipokuwa tunamlaumu paka aliyetukimbia. Tuliyouza yalilipia mbegu, na yakanunua daftari jipya la mahudhurio. Yale majina sita yaliandikwa na wenyewe, kila mtu lake, kwa mkono wake.

Ndugu msomaji, paka hafungwi kwa kamba. Hufungwa kwa mazoea. Mpe siku zake, naye atakupa miaka.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini paka wa kwanza alirudi alikotoka? Taja makosa matatu tuliyoyafanya.

2. Panya mmoja anakula gramu 15 kwa siku. Panya 8 watakula kilo ngapi katika siku 100?

3. Je, kuna sumu ya panya katika nyumba za majirani zako? Mtazungumza nao vipi bila kugombana?

4. Mwenye paka katika darasa lenu, je, amemchanja? Kama bado, mtakwenda lini kwa bwana mifugo?